Babu Yako Alizaliwa Wapi?

Leo nataka tuketi pamoja tuzungumzie jambo ambalo kwa mbali laonekana kuwa ni la Wazungu huko kwao, lakini ukilikaribia utalikuta limeketi mlangoni pako.

Mwishoni mwa mwezi wa Februari 2025 nilikuwa mjini Isiolo. Nilikuwa katika hoteli moja ya kawaida, zile ambazo chai huletwa kwa birika na mandazi hutoka jikoni yakiwa moto, nikisubiri gari la kunirudisha Nairobi. Mezani petu tulikuwa watu wanne tusiojuana. Kulikuwa na mzee wa Kisomali mwenye kofia na bakora, mama wa Kiborana na mitungi yake mitupu ya maziwa ya ngamia, na kijana wa bodaboda, Mmeru, shavu limemtuna kwa miraa. Msichana aliyetuhudumia alikuwa Mturkana. Anayetaka kuiona Kenya ikinywa chai pamoja na aende Isiolo.

Juu ya ukuta runinga ilikuwa ikisoma habari za ng'ambo. Ujerumani ilikuwa imepiga kura Februari 23, na chama kiitwacho AfD, ambacho ajenda yake kubwa ni kuwapinga wahamiaji, kilikuwa kimeshika nafasi ya pili kwa asilimia 20.8 ya kura. Hizo zilikuwa mara mbili ya kura zake za mwaka 2021.

Yule kijana akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hata mimi ningekuwa Mjerumani ningewapigia hao hao," akasema. "Kwao ni kwao. Mgeni na akae kwake."

Mzee akaweka kikombe chini polepole. "Kijana wangu, babu yako alizaliwa wapi?"

"Maua, mzee."

"Na hapa Isiolo unatafuta nini?"

Mama wa maziwa akacheka hadi mitungi ikagongana. Kijana naye akacheka, ila alicheka huku akijikuna kisogo. "Mzee, hapa ni Kenya, na mimi ni Mkenya."

"Haya," mzee akajibu. "Nami nilisema hivyo hivyo nilipokwenda kutafuta kipande. Wakaniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Nikawaambia babu alikuwa askari wa Keya, akapigana vita vya Mwingereza, kisha akapewa mahali pa kukaa hapa hapa Isiolo. Wakaniambia nilete karatasi zake. Babu amekufa miaka mingi. Nikamfukue?"

Hapo hakucheka mtu. Gari langu likafika, nikaaga, lakini swali lile nilisafiri nalo hadi Nairobi. Ndilo ninalokuletea leo.

Kulia ni wapi?

Kwanza tuelewane juu ya maneno, maana wanafunzi wengi hulisikia jina la "mrengo wa kulia" redioni na kuliacha lipite. Jina hilo lilizaliwa Ufaransa wakati wa mapinduzi ya mwaka 1789. Katika bunge la wakati ule waliomuunga mkono mfalme waliketi upande wa kulia wa mwenyekiti, na waliotaka mabadiliko wakaketi kushoto. Tangu hapo, wa kulia ni yule anayependa mambo ya jadi, sheria kali na mali ya mtu binafsi. Hakuna ubaya katika hilo. Nyumba haikosi anayesema "tusibadilishe kila kitu kwa siku moja."

Tatizo ni wale waliopindukia. Hao husema kwamba taifa ni mali ya watu wa damu fulani, na kwamba wengine wote, hata wakizaliwa hapo, hata wakilipa kodi, hata wakizika wazazi wao hapo, ni wapangaji tu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wa fikira hizo walionekana kama wamekwisha. Sasa wamerudi, tena kwa mlango wa mbele, kwa kura. Huko Ufaransa Jean-Marie Le Pen alipoingia duru ya pili ya uchaguzi wa rais mwaka 2002, nchi nzima ilishtuka, naye akapata asilimia 17.8 tu. Binti yake, Marine, alipoingia duru hiyo mwaka 2022 alipata zaidi ya asilimia 41, na walioshtuka walikuwa wachache. Italia nayo, mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, ilimpata Waziri Mkuu, Giorgia Meloni, ambaye chama chake kina mizizi katika vyama vilivyoanzishwa na wafuasi wa Mussolini.

Swali moja, nchi nyingi

Sasa angalia jinsi swali la yule mzee linavyozunguka dunia. Mwaka 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu ya kura za Wajerumani. Watu walikiona kama kichekesho. Kisha uchumi ukaanguka, mamilioni wakakosa kazi, na kufikia Julai 1932 kilikuwa na asilimia 37. Januari 30, 1933, Hitler akawa Chansela. Mwaka 1935 zikatungwa sheria za Nuremberg, na ili kujua nani ni Myahudi na nani si Myahudi, maofisa walihesabu nini? Babu na bibi. Aliyekuwa na babu na bibi watatu wa Kiyahudi alikuwa Myahudi, hata kama yeye mwenyewe alikuwa amevaa medali ya vita vya Ujerumani.

Utasema hayo ni ya Hitler, mtu wa kupita kiasi. Basi njoo Uingereza, nchi tuliyofundishwa kuiita mama wa mabunge. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana Wahindi ambao hawakuwa wamechukua uraia wetu. Wengi wao walikuwa na pasipoti za Kiingereza, wakaanza kufunga virago kwenda London. Serikali ya Uingereza ikaingiwa na hofu. Kwa muda wa siku tatu hivi bunge likapitisha sheria, ikatiwa sahihi Machi 1, 1968, iliyosema kwamba pasipoti peke yake haitoshi. Mtu awe na mzazi, au babu au bibi, aliyezaliwa Uingereza. Pasipoti ni ile ile, malkia ni yule yule, ila babu tofauti. Na hata hiyo haikutosha. Aprili 20 mwaka huo mbunge Enoch Powell alisimama Birmingham akatoa hotuba ya kuwatisha Waingereza juu ya weusi na Wahindi. Kiongozi wa chama chake alimfuta wadhifa wake, lakini baada ya siku chache makuli wa bandari ya London waliandamana kumuunga mkono.

Ukitaka la juzi, lipo. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa tena, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa katika ardhi ya Marekani, kwa sababu ya karatasi za wazazi wao. Mahakama zikaizuia. Lakini ona swali lenyewe: mtoto amezaliwa leo, hajafumbua macho, ameshaanza kuulizwa juu ya waliomtangulia.

Na kwetu je?

Kenya haina chama kinachojiita cha mrengo wa kulia uliopindukia. Hatuna haja nacho. Swali lenyewe tunalo tangu zamani, na Isiolo ndio mji uliokuwa na lango lake.

Wakoloni walilifanya eneo lote la kaskazini, lililoitwa NFD, kuwa nchi iliyofungwa. Kuingia kwa kibali, kutoka kwa kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, na mwananchi wa kawaida akapondwa katikati. Serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vya kulindwa kama Garba Tulla na Merti, na ng'ombe na ngamia wao wakafa kwa kukosa malisho au kwa risasi. Hata baada ya vita, kwa miaka mingi palikuwa na kizuizi mjini Isiolo, na aliyekwenda kaskazini alijiandikisha na kupita kwa msafara wa magari. Ndipo watu wa huko wakazoea kusema, wakipanda basi la Nairobi, "Ninakwenda Kenya."

Wewe mwanafunzi unayepita Wabera Street katikati ya Nairobi, umewahi kuuliza huyo Wabera alikuwa nani? Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa DC wa Isiolo, mwana wa kaskazini. Mwezi wa Juni 1963, yeye na Chifu Haji Galma Dido walikuwa wakizunguka kuwashawishi watu wao wabaki Kenya. Wakauawa kwa risasi njiani. Walikufa kwa ajili ya kuwa Wakenya kabla bendera yetu haijapandishwa. Na bado, mwaka 1989, serikali iliamuru Wakenya wote wa asili ya Kisomali waliotimiza miaka 18 wapigwe msasa, na waliofaulu wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho. Na kwa miaka mingi baadaye kijana wa Isiolo, Wajir au Garissa aliyetimiza miaka 18 alisimama mbele ya kamati ya wazee na maofisa, akaulizwa karatasi za wazazi na za babu. Mwenzake wa Nyeri au Kisumu alichukua fomu, akaweka alama za vidole, akaenda zake. Kijana asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki, haandikishwi kazi, hapigi kura, na akikutana na polisi usiku hana la kumwambia.

Februari 5, 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba anaufuta msasa huo. Kaskazini watu walishangilia. Kwingine baadhi ya viongozi wakalalamika kwamba wageni watapenya. Wiki tatu hazikupita tukawa tunawaangalia Wajerumani kwenye runinga na kuwashangaa.

Mwenyeji wa mwaka gani?

Hebu sasa tulijibu swali lenyewe tuone linatufikisha wapi. Nani mwenyeji wa Isiolo? Wasomali wengi wa mji huo ni wajukuu wa askari waliopewa makao hapo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waborana wengi wa bonde la Waso walihamishwa na wakoloni kutoka upande wa Wajir miaka ya 1930. Waturkana walikuja kufanya kazi na kufuga. Wameru wameteremka kutoka Nyambene kwa shamba na biashara. Wasamburu wana malisho yao ya kale, nao walisukumwa huku na kule na serikali. Ukianza kuhesabu mwaka 1900 utapata mwenyeji mmoja, ukianza 1930 utapata mwingine, ukianza 1963 wa tatu. Anayechagua mwaka ndiye anayechagua mwenyeji. Na mwanasiasa hukosa vyote, hakosi mwaka unaomfaa.

Kwa nini basi watu husikiliza? Kwa sababu shida zao ni za kweli. Nisikudanganye. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa wingi. Mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa mwaka 2012, na Isiolo ikatajwa kuwa mji wa barabara kuu, reli, uwanja wa ndege na hoteli za kitalii, bei ya ardhi ilipanda hewani, huku wengi wakiwa hawana hatimiliki ya hata kiwanja wanacholalia. Mpaka wa Isiolo na Meru umezozaniwa miaka nenda miaka rudi. Mwisho wa 2011 na mwanzo wa 2012 majirani waliuana mjini humo na maelfu wakayahama makao yao. Mtu mwenye kiu, asiye na hatimiliki, ni rahisi kumwambia kwamba maji yake yamenywewa na jirani.

Vivyo hivyo huko Ulaya. Kiwanda kimefungwa, kodi ya nyumba imepanda, foleni ya hospitali ni ndefu. Kujenga nyumba kunahitaji miaka na fedha. Kumtaja mhamiaji hakuhitaji kitu ila kipaza sauti. Mwanasiasa asiye na jibu la "maji yako wapi?" hukuletea jibu la "mgeni ni nani?", na kwa kuwa wewe una kiu na hasira, unasahau kwamba hukumwuliza hilo.

Na maji hayaji. Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 mwaka 1972. Watu walishangilia barabarani, maduka yakagawiwa. Miaka michache baadaye raia wa Uganda walikuwa wakipanga foleni ya sukari na sabuni, katika nchi iliyokuwa na viwanda vyake vya sukari Kakira na Lugazi. Afrika Kusini nayo, Mei 2008, watu waliwashambulia wageni kutoka Zimbabwe, Msumbiji na kwingineko. Waliokufa walikuwa 62, na kati yao 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Waliuawa kwa kuwa walionekana kama wageni, au lafudhi yao ilikuwa tofauti. Duara la wenyeji, likishaanza kupunguzwa, halijui mahali pa kukoma.

Sisi tuliyaonja hayo Bonde la Ufa mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007. Neno "madoadoa" lilianza kama utani wa majukwaani na likaishia kwenye nyumba zilizochomwa. Ndiyo sababu mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki, pamoja na "kwekwe."

Kuna watakaoniandikia barua wakisema, "Kwa hivyo unataka mipaka iachwe wazi?" La hasha. Kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia, na Kenya imewahi kushambuliwa na magaidi waliovuka mpaka. Anayetaka sheria ya uhamiaji ifuatwe si mtu mbaya, awe Berlin au Isiolo. Lakini kumwuliza mtu anaingia nchini kufanya nini ni kulinda mlango. Kumwuliza aliyezaliwa ndani ya nyumba babu yake alizaliwa wapi, ukamkataza chakula hadi ajibu, ni jambo lingine kabisa. Katiba yetu ya 2010 ililifahamu hilo. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya, na kifungu cha 27 kinakataza kumbagua mtu kwa asili yake. Hakuna mahali kinaposema "mradi babu yake ajulikane."

Tena tukumbuke, msomaji, kwamba sisi wenyewe ni wageni mahali fulani. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Karo ya watoto wangapi imo humo? Yule nesi aliye Ujerumani na yule dereva wa lori aliye Marekani ni watoto wetu, na jirani yao huenda amepiga kura wao warudi. Hatuwezi kulia kwa ajili yao asubuhi kisha jioni tukamwambia jirani yetu arudi kwao.

Basi tufanye nini? Tuanzie nyumbani, maana huko ndiko swali linakofundishwa. Mwanao akija na rafiki, unamwuliza "Ni mtoto mzuri?" au "Ni wa kabila gani?" Mtoto husikia ni lipi linalotangulia. Nawe mwanafunzi wa chuo kikuu, unapopigia kura viongozi wa wanafunzi, unatazama jina la ukoo au unauliza atafanya nini juu ya maji ya bweni? Huko ndiko tunakojifunzia kupiga kura za baadaye. Na siku mwanasiasa atakapokuja kwenye mkutano wa hadhara akianza kukuhesabia wenyeji na wageni, nyosha mkono umwulize kwa adabu: "Mheshimiwa, wakiondoka hao, kisima kitachimbwa lini, na kwa pesa zipi?" Kisha usikilize vizuri atakavyojibu.

Yule kijana wa bodaboda, kabla sijapanda gari, nilimwona akiinuka kulipa. Alilipa chai yake na ya mzee. Mzee akataka kukataa, kijana akasema, "Acha, baba. Leo wewe ni mgeni wangu." Mzee akamtazama, akatabasamu. "Mgeni wako, mimi? Mimi nimezaliwa hapa."

Sote tukacheka, na safari hii hakuna aliyejikuna kisogo.

Hadi Jumapili ijayo, kaeni salama.